Mlolongo Wangu na Koech

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Nimechuma kilo kumi na nane za majani ya chai kabla ya mvua. Hakuna mzee mwingine huku Litein anaweza. Jioni Koech hakuja kunywa chai tena. Tangu sisi wawili tutake uenyekiti wa kituo cha kununua majani, haji. Na sisi ni marika, tulitahiriwa nyumba moja. Birika langu ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumatano, 6 Oktoba
Hotelini nimewachekesha mpaka basi. Kuishia darasa la sita si kitu, mimi nimeendesha lori hadi Kigali. Nikawaambia wakubwa wa kwanza wa Amerika walikuwa wanaitana kupigana kwa bastola kwa sababu ya matusi ya siasa. Makamu wa rais mzima alimuua mpinzani wake hivyo. Mama wa hoteli akasema, "Wewe na Koech mtauana kwa mdomo, Dereva." Walicheka. Mimi zaidi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Ujinga mtupu. Mkutanoni Koech alisema mimi ni domo tu. Watu wakacheka, nikaumia. Nikasimama. "Mtu hatofautishi chipukizi na jani kuukuu, mizani atasomaje?"
Macho ya Koech yanaingia giza. Siri hiyo aliniambia mimi peke yangu. Hata mkewe hakujua, na mkewe alikuwa amesimama pale na kikapu.
Koech alisema tu, "Tutaonana kwa mlolongo wa kura, Dereva."
Sijala.

Jumapili, 10 Oktoba
Kanisani mke wa Koech alimshika mumewe mkono mpaka benchi. Nilitaka kwenda kuomba msamaha. Nikasalimia watu wengine wote.

Jumatatu, 11 Oktoba
Uchaguzi. Kila mtu hujipanga nyuma ya mtu wake. Mistari ilikuwa karibu sawa. Kabla ya kuhesabiwa, Koech alitoka mbele ya watu wake, akipapasa njia na fimbo. Akasimama mwisho wa mstari wangu.
"Dereva amesema ukweli," akawaambia. "Mizani siioni."
Watu wake wakamfuata. Nimepata kura zote. Afadhali angenipiga ngumi.

Alhamisi, 14 Oktoba
Karani amekataa majani ya Koech, yamechanganyika na makuukuu, mpaka yachambuliwe. Nikachuchumaa kando ya gunia lake, mwenyekiti mzima, nikaanza kumtolea yale makuukuu. Sikutania. Koech akakusanya majani yake kwa mikono miwili, akahamia kona ya pili ya kituo.
Nimebaki na jani moja kuukuu mkononi.