Kisu cha Mjerumani Usikisugue

Nyar Ndhiwa, mke wa mwanangu,

Wajukuu wangu wanakula vizuri? Hapa Homa Bay kwa ndugu yangu omena, dagaa wa ziwa hili, ni tamu, lakini jana tuliiacha ikapoa mezani. Alikuja mgeni anayekusanya visu vya kale vya askari wa Kijerumani. Baba alituachia viwili, kimoja cha ndugu yangu, kimoja changu. Kabla hajafika, wifi yangu aliona aibu ya uchafu, akakisugua chao kwa jivu na mchanga wa ziwa mpaka kikawaka. Mgeni alikigeuza, akakirudisha mezani polepole. "Mama, ule weusi wa zamani ndio nilioufuata." Ndugu yangu akainuka, akamkazia mkewe macho. Nikasimama katikati. "Kaa chini. Si wewe uliyemwambia nyumba ing'ae kwa ajili ya mgeni?"

Sasa sikia, wewe unayesugua hata matako ya sufuria. Kisu changu kiko ndani ya sanduku, na kutu yake. Usikitoe, usikipake mafuta. Na kama umeshakisugua, usikimbilie kwenu. Mwambie mume wako ni mimi niliyekutuma. Nikifika tutagombana sisi wawili tu, mlango umefungwa.

Mama yako, anayekupenda na makelele yake