Kamera Iliyopimwa kwa Mizani ya Unga

Saa moja na robo asubuhi. Kamera zote mbili ulizopewa dukani uzijaribu ziko hapa mezani, na wewe bado unakoroma.

Kitindamimba, mwenye duka anataka jibu leo jioni. Chai iko kwenye chupa. Rudisha ~~ile ndogo, maana kubwa ina lenzi bora~~ ile kubwa. Nimebadili mawazo, na sababu ninazo.

Nimeipima kubwa kwenye mizani ya jikoni: imeizidi pakiti ya unga. Wiki nzima umeifuta vumbi tu, hujatoka nayo hata mlangoni, eti isije ikakwaruzwa. Hiyo si kamera ya kujifunzia, ni mgeni wa heshima.

Ndogo ameichukua bibi yako, akampiga picha baba yako akinyoa ndevu.

“Mama, nina povu usoni.”

“Nilikuzaa na sura mbaya kuliko hiyo. Tulia.”

Picha imetoka safi. Nimeikuza mpaka nikaona povu sikioni.

Funga dirisha la jikoni ukitoka.

Saa mbili kasoro dakika tano. Bibi yako ametoka kwenda kwa jirani, kamera ndogo shingoni.

Mama yako