Kumbe Si Jini Aliyetukataza Kuku

Arafa weee, mbavu sina! Bibi kanambia leo kwa nini ukoo wetu hatuli kuku.

Si jini, shoga. SI JINI! Na mimi nimeshawaapia wakwe kuwa ni jini!

Enzi za Mjerumani, hapo Chole, bibi yake bibi, Kidawa, alimkaribisha chakula Lalji, yule Baniani wa dukani. Lalji akasema hali nyama. Kidawa akampikia samaki, changu!

CHANGU!

"Huyu naye alikuwa na roho," Lalji akasema. "Mimi sili chenye roho." Kidawa akamcheka.

Kesho yake akamkamata kuku, mumewe amchinje. Kuku akamtazama. Kidawa akamwachia!

"Ana roho," akasema.

Mumewe: "Na changu uliyemla jana?"

"Changu hutazama ovyo. Kuku kanitazama mimi!"