Usimpe Klara Vile Vidonge

Mtaa wa Livingstone, Kariakoo,
S.L.P. 20418,
Dar es Salaam.
12 Agosti, 1976.

Mpendwa mdogo wangu Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Wifi yangu Angelina naye hajambo? Na Klara, kifua chake kinaendeleaje? Sisi tuna nafuu tangu juzi, shemeji yako Pantaleo aliporudi kutoka hospitali. Alilazwa, na sababu ni mimi.

Kabla sijaeleza: kama Bushiri niliyemtuma kwenu ameshafika na kile kifurushi nilichokifunga kwa kipande cha kanga, usimpe mtoto vidonge vilivyomo. Naomba Mungu Bushiri awe amekawia Lindi kwa wakwe zake, barua hii imtangulie.

Mwezi uliopita Pantaleo alishikwa na kichomi pale sokoni, akipakua magunia ya mihogo. Akapewa ampisilini, kidonge kimoja kila baada ya saa sita kwa siku saba. Siku ya tatu homa ikakatika, akaomba ugali. Nikaona, vilivyobaki vya nini tena? Nawe ulishaniandikia kwamba Klara anakohoa na zahanati ya kijiji haina dawa. Nikafanya kama tulivyozoea kwetu, aliyepona humwachia mgonjwa mwingine. Nikampa Bushiri kwa roho nyeupe kabisa.

Wiki haikuisha, homa ikarudi, na makohozi yana damu. Juzi, tukijiandaa kutoka wodini, nesi mmoja mtu mzima, Bi. Siti, akauliza dawa ya kwanza iliisha lini. Pantaleo akanitazama mimi. Nikasema nyingine nimempelekea mtoto wa ndugu yangu.

“Mama Aristides,” akasema, “hii dawa, siyo pilau ya harusi kila mtu apelekewe sahani yake.”

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Basi akakaa, akanieleza taratibu. Vijidudu vya kichomi vina ukuta unaovizunguka, kama sisi tunavyokandika nyumba. Ampisilini, na penisilini ambayo ni ndugu yake, huvizuia visikandike. Ukuta unafumuka, vinapasuka. Vilivyo dhaifu hufa kwanza, ndipo mgonjwa anajiona mzima. Vile sugu bado vimo. Ukiacha dawa, hivyo ndivyo vinavyozaana, na vipo vingine vina kitu cha kuikatakata dawa kabla haijafanya kazi. Mafua ya kawaida hayaisikii kabisa, maana vijidudu vyake havina ukuta huo.

Pantaleo kachomwa sindano nyingine, kali zaidi, siku kumi. Zimemwendesha tumbo, lakini amepona.

Halafu Bi. Siti akaniuliza kama kwetu yupo ambaye dawa hizi zilimkataa. Vitalis, nilishika kichwa. Unakumbuka marehemu mama alivyochomwa penisilini, midomo ikavimba, pumzi akawa anaivuta kwa shida? Sisi tukasema ni jicho la jirani, tukamnunia yule mama wa watu miaka miwili. Kumbe ni mwili wake ulioikataa dawa. Bi. Siti anasema si lazima mjukuu awe hivyo, ila tabibu aambiwe kabla.

Kwa hiyo mpeleke Klara hospitali ya misheni, hata kwa baiskeli. Kama ameshameza, usinifiche. Nenda na vilivyobaki, useme kameza vingapi, tabibu ndiye aamue. Ukiona vipele, au uso umevimba, au anahema kwa taabu, usimpe tena hata kimoja. Kimbia naye saa hiyo hiyo.

Pantaleo hajanilaumu. Jana kaniambia, “Mke wangu, kumbe ulimgawia mtoto pumzi yangu,” akacheka mpaka akakohoa. Mimi bado sijaweza kucheka. Kila asubuhi napita kanisani kabla ya kufungua genge langu, namtaja Klara kwa jina.

Msalimie sana Angelina, na baba mdogo Benjamini, na shangazi Blandina. Aristides anawaamkia wote shikamoo. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake.

Ukitoka misheni pita posta, unipigie simu ya maandishi. Usiandike mengi. Maneno mawili yananitosha: Klara mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Benedikta