Aliyelala Chini ya Piano, Nunguni

Dada Mumbua,

Mko aje huko Matinyani? Hapa Nunguni baridi imenikaza vidole, na ukungu unaingia hadi kanisani, ambako leo nimewapigia piano watu wenye usonji na familia zao. Tulipunguza taa, tukaacha milango wazi, nikawaambia kila mtu yuko huru kutembea au kupiga kelele. Lakini roho yangu haikutulia hata kidogo.

Nilipoanza tu, mwanamume mmoja mtu mzima, Muthoka, aliziba masikio akatoka mbio. Mama yake akasimama. "Tusamehe, mwalimu. Wacha twende nyumbani."

"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia, ingawa mimi mwenyewe sikujua tunangoja nini. Nikaendelea kwa sauti ya chini, macho mlangoni, nikiogopa kwamba nimemuumiza.

Akarudi. Alipita katikati ya watu, akalala chini ya piano na kubandika kiganja kwenye mbao. Niliogopa hata kukanyaga pedali. Halafu akaanza kuimba noti moja nzito, ileile, na hakuna aliyemnyamazisha. Tulienda naye hivyo mpaka mwisho.

"Jumapili wakati wa ibada huwa tunakaa nje," mama yake aliniambia, akipangusa macho.

Dada, mwezi ujao nitapiga Kitui mjini. Najua unahofia watu watamkodolea macho binti yako Syombua. Hata mimi nahofia. Mlete tu.

Mungu awatunze wote wawili.

Mdogo wako,
Ndinda