Kengele ya Mtoni

Jumatano, 16 Februari 2005

Wamemchagua Sekela.

Naandika tena ili niamini: Sekela! Ndiye atakayekwenda Dar, siku tano, semina ya maafa. Tangu ile tsunami ya Desemba wakubwa wameamka, wanataka mwalimu mmoja wa huku akajifunze yaliyowapata watu wa Asia, arudi atufundishe. Na wamekuja kuchukua mtu shuleni kwetu, kwa sababu wamesikia huku Kisondela ardhi inatikisika mara kwa mara. Wamesikiaje? Kwa taarifa za daftari langu, ambazo shule hupeleka wilayani! Miaka minne naandika: tarehe, saa, vyombo vimelia au havikulia, ule ufa wa mlimani juu ya kanisa umefika vidole vingapi. Nani mwingine hapa aliwahi kupanda mlima kwenda kupima ufa kwa vidole?

Simu ilipigwa jana. Mimi nilikuwa msibani Lufingo. Mwalimu mkuu, Mzee Ambilikile, anasema walitaka jina palepale, na Sekela ndiye aliyekuwa mbele yake akisahihisha madaftari. Basi. Mimi nazika, mwenzangu anapanda basi la Dar.

Nimempongeza. Nimemkumbatia kabisa. Mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Jumapili, 20 Februari

Sekela kaja kuaga. Nyumba zetu za walimu zimegawana ukuta mmoja, angeweza kuaga kwa kugonga ukuta. Kumbe ana shida: dada Tulinagwe, naomba lile daftari lako la matetemeko, nikawaonyeshe.

Nimempa. Ningekataaje? Kasema atawaambia ni langu. Ndiyo, na mimi nitakuwa mkuu wa wilaya.

Jumatatu, 28 Februari

Karudi. Kofia nyekundu, begi la bluu lenye maandishi, cheti kiko kwenye fremu tayari. Na kipaza sauti cha mkono! Kina kitufe cha king'ora. Ukibonyeza, kinalia mpaka ng'ombe wanakata kamba. Watoto wamemzunguka siku nzima wakiomba abonyeze tena. Darasa langu nalo limetoka mbio, sikuaga wala sikuagwa.

Jioni kanirudishia daftari, limefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Limewapendeza sana, dada, lifungue uone. Nione nini? Alama za vidole vya wakubwa? Nimelisukuma nyuma ya debe la unga na mfuko wake. Na sitaandika tetemeko tena, hata nyumba ikigeuka juu chini. Aandike mwenye cheti.

Kanga aliyovaa: HASIDI HANA SABABU. Mimi ninazo. Naweza kumwandikia orodha.

Alhamisi, 3 Machi

Mkutano wa kijiji uwanjani. Sekela kaongea saa nzima na nusu, kofia kichwani. Nilitaka aboronge. Hakuboronga.

Kasema kule Asia ardhi ilitikisika, na kuna nchi ambako maji yalichukua saa mbili kufika. Saa mbili! Mtu angetembea kwa miguu akanywa na chai njiani. Kulikuwa na watu kwenye ofisi zao waliojua, wenye mashine. Lakini habari haikufika ufukweni, wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu zao. Halafu kasema kuna kisiwa kimoja hakina mashine yoyote, wazee waliwaambia watoto tangu zamani: ardhi ikitikisika sana, pandeni mlimani. Wakapanda. Wakapona karibu wote.

"Onyo lililokaa mezani si onyo," kasema. "Onyo ni lile lililofika kwa mama wa mwisho, nyumba ya mwisho."

Watu wamepiga makofi. Mzee Asajile, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu uhuru, kasema ndaga, ndaga, asante mwanangu.

Kwetu hakuna bahari, kasema, ila tuna mlima. Kitongoji cha Mtoni kiko chini kabisa, na kanisa letu liko hukohuko, na juu yake ule ufa. (Ufa WANGU.) Ardhi ikitikisika wakati wa mvua kubwa, mlima unaweza kuteremka. Hivyo tuwe na ishara moja, na wote wapande hapa shuleni, kilima cha pili, pa salama. Akapendekeza ishara iwe kengele ya kanisa. Ipigwe bila kupumzika.

Akanigeukia mbele ya wote: dada, wewe ni mwenyeji wa Mtoni, unaonaje, kengele itafaa?

Niliona vizuri sana. Kila mtoto wa hapa anajua, kengele ikilia siku isiyo Jumapili ni msiba. Na kengele ya msiba haikataliwi. Hata kama mlikuwa mmegombana, unaacha jembe, unakwenda. Sekela ni mtu wa Mbeya mjini, angejuaje?

Nikamjibu, wewe ndiye mtaalamu.

Jumamosi, 12 Machi

Leo zoezi! Sijacheka hivi tangu Krismasi. Halafu — lakini niandike kwa utaratibu.

Wageni wawili wa wilaya wametoka Tukuyu na gari. Saa nne kamili mama mdogo Veronika kapiga kengele. Ndiye mpiga kengele wetu, mdogo wake marehemu mama yangu, nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kanisani. Kengele yenyewe ni ringi ya lori, imening'inizwa kwenye mparachichi. Kaambiwa apige mfululizo, kapiga kidogo mfululizo, kisha mkono ukarudi kwenye mazoea: moja, kimya, moja, kimya.

Sisi tuko uwanjani tunasubiri watu wapande. Wanateremka! Kutoka kila upande, wanateremka Mtoni. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, ndizi na maharage vichwani. Kina mama wawili wameanza kulia kabla ya kufika, ee tata, ee tata, hawajui hata wanamlilia nani. Mzee Asajile kaja na sululu, kauliza kaburi linachimbwa wapi. Robo saa tu, kijiji kizima kimejaa kanisani, chini ya ufa. Ungesema wameitwa wapangwe vizuri mlima usikose hata mmoja.

Nilimtazama Sekela. Nilingoja uso wake uanguke. Miezi mizima ningeishi kwa uso ule.

Kacheka! Kacheka mpaka kofia imeanguka. Halafu kawaambia wageni, mmeona? Hili ndilo funzo lenyewe, hili halimo kwenye makaratasi ya Dar, ishara lazima itoke kwa wenyeji. Mgeni mmoja kaandika ukurasa mzima. Kasema zoezi hili ni bora kuliko yote aliyoyaona, Mwalimu Sekela aandike ripoti, huenda ikasomwa Dodoma.

Wanawake hawakuona sababu ya kurudi na ndizi. Zimepikwa palepale. Nimekula.

Jumapili, 13 Machi

Nilijua, nikanyamaza, akasifiwa yeye. Nimemchimbia shimo, kaja kapanda mgomba.

Jumatano, 16 Machi

Ishara mpya: king'ora. Kengele ibaki ya msiba. King'ora kikilia, acha kila kitu, panda shuleni, kanisani usikanyage. Walimu tumegawana vitongoji, tupite nyumba kwa nyumba, tubonyeze king'ora watu wakisikie, tuhakikishe wameelewa. Kuna karatasi ukutani ofisini: kitongoji, jina la mwalimu, alama ya vema.

Mimi Mtoni. Sekela kasema wewe watakusikiliza kuliko mimi, dada, ni kwenu. Kanipa na kipaza sauti kwa zamu yangu, Jumamosi. Yaani sasa ananituma.

Jumamosi, 19 Machi

Sikwenda. Nilitoka na kipaza sauti kwenye kikapu mpaka njia panda, nikaona basi dogo la Tukuyu, nikapanda. Nilihitaji sabuni. Sokoni watu watatu wameniuliza, wewe si ndiye unayefundisha pamoja na yule mwalimu wa tetemeko? Wa tatu ni muuza vocha! Kamsikia redioni Mbeya!

Nitakwenda Mtoni wiki ijayo. Mto hauhami.

Jumatatu, 21 Machi

Karatasi ya ukutani imejaa alama, pamebaki pengo moja. Mzee Ambilikile kaliangalia, kisha kaniangalia mimi. Sekela alikuwepo. Nikamrudishia kipaza sauti, nikachukua kalamu nikaweka vema. Wameelewa? kauliza Mzee Ambilikile. Nikasema wamefurahi sana.

Rahisi hivyo.

Jumapili ya Pasaka, 27 Machi

Ibada Mtoni. Baada ya ibada mama mdogo kanishika mkono pale chini ya mparachichi, kaniuliza habari za nyumbani, kanipa maziwa mgando kwenye kibuyu. Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, nilishavuta pumzi. Halafu akasema, yule mwenzako mtoto ana akili, angekuwa wa ukoo wetu ningejivuna.

Nikabeba kibuyu, nikapanda kwangu.

Mimi ni wa ukoo wake. Nilimuuguza miezi miwili mwaka juzi. Hajawahi kujivuna.

Jumanne, 29 Machi

Redio: Sumatra imetikisika tena jana. Wamekufa mamia. Sekela kagonga ukuta, umesikia dada? Nikasema nimesikia. Akasema, nashukuru Mungu sisi tumefikisha neno nyumba ya mwisho.

Nilijifanya nasonga ugali.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua siku ya tatu bila kupumua. Daraja la magogo la kwenda Mtoni limeanza kuteleza, Jotham wa darasa la tano kaanguka asubuhi, kapasua paji la uso. Leo nilivaa buti, nikasimama mlangoni. Nikajiuliza nitawaambiaje. Nimekuja kuwaambia jambo ambalo nilishasema nimewaambia? Mama mdogo atamwambia mchungaji, mchungaji atamwambia Mzee Ambilikile. Sekela atanionea huruma. Hilo ndilo siwezi, kuonewa huruma na kofia nyekundu.

Nikavua buti. Jumamosi. Mvua ikikatika.

Jumamosi, 9 Aprili

Mvua haikukatika. Siku ya sita.

Saa nane na dakika kumi ardhi imetikisika. Vikombe vimelia, sufuria imeshuka kwenye rafu. Halafu saa nane na nusu tena, kubwa zaidi, ukuta wangu na Sekela umetoa vumbi. Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya debe la unga. Mazoea. Nikatoa daftari, nikafungua mfuko wa nailoni ili niandike.

Ukurasa wa kwanza kuna karatasi imebanwa kwa pini. Mwandiko si wa Sekela. Ni wa huyo mkufunzi wa Dar, na muhuri chini. Inasema: Mwalimu Tulinagwe, daftari hili ni kazi ya thamani kubwa. Mwenzako ametuambia wewe ndiye uliyestahili nafasi hii, na ameomba semina ya Agosti uitwe wewe. Tafadhali usiache kuandika.

Imeandikwa tarehe 25 Februari. Imekaa nyuma ya unga wiki sita. Lifungue uone, alisema.

Nimekaa kitandani, nimelia. Hapana, sikulia. Niliona aibu, na aibu haina machozi.

Saa tisa kasoro. La tatu! Sekela katoka mbio, namsikia uwanjani, king'ora kinalia. Kutoka dirishani naona wanapanda, wa kitongoji cha juu, wa kiwanda cha chai, majani ya migomba vichwani, watoto migongoni, mtu kamfunika mbuzi kwa koti lake. Hakuna anayesukumana. Wanapanda vizuri kama alivyowafundisha. Sekela anawahesabu mlangoni kwa kuwagusa bega.

Upande wa daraja hakuna mtu.

Kaja dirishani kwangu, kofia inachuruzika. Dada, watu wako wa Mtoni mbona hawaji? Uliwaambia, si ndiyo?

Si ndiyo. Kaniuliza akiwa ameshajijibu.

Nilifungua mdomo. Na hapohapo kule chini ikaanza. Mwanzo nilidhani ni bati. Moja. Kimya. Moja. Kimya. Mwenzangu naye kasikia, uso wake — ule uso nilioungoja siku ya zoezi, sasa nimeuona.

Wamesikia mlio wasioujua juu huku, na ardhi inatikisika, nao wakafanya wanavyojua. Wanaitana. Naujua mkono ule, ni mama mdogo, anawaita wote waje kanisani. Na watakuja, na huku uwanjani tayari wazee wanageuza vichwa, Asajile ameinua sululu yake, kwa sababu kengele ya msiba haikataliwi.

Sekela anawazuia kwa kipaza sauti. Hajui kwa nini Mtoni wanapiga kengele. Nimemwambia zuia hawa, mimi nashuka. Buti siioni. Peku basi —