Kambare Hai kwenye Ndoo ya Mama Mkwe

Jumatano, Korogwe. Mvua ilipiga tangu alfajiri, sasa imekatika na joto limerudi lote kwa mkupuo. Mtoto amelala. Naandika kwenye simu, maana nina hasira na nina woga, na sijui kipi kimezidi.

Bado nipo ndani ya arobaini. Mwanaidi wangu hana hata mwezi. Mama mkwe alikuja kutoka Handeni kunitunza, na sina neno baya juu yake. Ananikanda kwa maji ya moto mpaka napiga kelele, anafua nepi, anambembeleza mjukuu wake kwa Kizigua. Na kila jioni ananiletea bakuli la supu ya kambare ili maziwa yajae. Nimekunywa bila kuuliza. Mzazi haulizi, anapewa.

Leo mchana mume wangu, Salehe, alipaki bodaboda akaingia kula. Akasimulia, ugali mdomoni, kwamba kwenye dimbwi lililo chini ya mashamba ya nyanya perege wameelea matumbo juu, dimbwi zima jeupe. Mvua za wiki hii zimesomba dawa ya wadudu, na wakulima wanaosha mabomba yao ya kupulizia kwenye mtaro uleule unaoingia dimbwini. Watu wamejaa pale wanavua kambare, maana ndio waliobaki wazima.

"Si ndipo Mama anaponunulia?" akasema, anacheka.

Sikumaliza chakula.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Somo hili nalijua kwa moyo. Perege anapumua kwa matamvua tu, kwa hiyo maji yakiharibika hana pa kukimbilia. Kambare ana kiungo kingine juu ya matamvua, na maji yakimshinda anapanda juu anameza hewa. Anajipaka ute mzito. Ini lake linahangaika kuivunja sumu, na ile inayolishinda inaweza kubaki kwenye mafuta yake. Dimbwi likipigwa dawa msimu baada ya msimu, wanaobaki ni wale wagumu, na wagumu huzaa wagumu. Darasani naandika ubaoni "kuhimili mazingira", wanafunzi wananakili, tunaendelea na mada nyingine. Sikuwahi kujiuliza huko kuhimili kunaishia kwenye bakuli la nani.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayoelea juu ya supu yangu. Mama huyasifu sana.

Nilimfuata uani. Kambare wawili walikuwa wanajizungusha ndani ya ndoo yake. Nikaanza kwa upole, shikamoo juu ya shikamoo ya asubuhi, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha ndoo.

"Mwanangu, perege kafa, huyu anapiga mkia. Maji yangekuwa na sumu, huyu angekuwa hai?"

Kwao Handeni maji ni ya lambo, na kiangazi lambo hubaki tope. Kambare hujichimbia humo na kungoja mvua. Ukimtoa unamweka kwenye ndoo ya maji safi siku mbili, mpaka atapike tope lote, ndipo unampika. Mama ametapisha kambare tangu akiwa msichana. Hawa nao kawatapisha tangu juzi, kawabadilishia maji asubuhi na jioni, tena maji ya bomba. Angefanya nini zaidi?

Tope hutoka. Dawa iliyokwisha kuingia kwenye mafuta haitoki kwa ndoo ya maji. Nilimwambia hivyo, na sauti ilinipanda. Nikasema sitaigusa tena supu yake, maana ninachokunywa mimi Mwanaidi anakinyonya.

Uso wake ulibadilika. "Yaani nimempa sumu mjukuu wangu?"

Nilichelewa kujibu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Akaingia jikoni, akapakua supu ya leo, akakaa mkekani mbele yangu na kuanza kunywa. "Nikifa mtajua," akasema.

Hafi, na hilo ndilo tatizo. Kesho ataamka mzima kama kambare wake, ataswali alfajiri, atafagia uwanja, na mimi nitabaki mwongo. Nilitaka kumpigia kelele. Halafu, niseme ukweli, kwa muda mfupi nilimwacha anywe. Hasira ilisema: amejitakia mwenyewe.

Kisha nikaitazama ile mikono iliyoshika bakuli. Ndiyo inayonikanda mgongo.

Nikamnyang'anya. Supu ikamwagikia kanga yake. Mimi ambaye sijawahi hata kumpita mbele bila kuomba radhi, nimempokonya mama mkwe wangu bakuli mdomoni.

"Na wewe Mama una ini," nikasema. Sentensi ya kijinga kabisa. Nikaanza kulia.

Hakunifokea. Aliikung'uta kanga, akaitazama ndoo. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na hiyo uliyokwisha kunywa?"

Sijui. Nimesomesha miaka yote hii na sijui. Huenda ni kidogo tu, huenda si kitu. Kesho asubuhi, arobaini au si arobaini, nakwenda kliniki kuuliza, na Mama amesema tutakwenda wote. Tukitoka huko tunapita dimbwini kuwaonya wanaonunua, maana wazazi wa mtaa huu si mimi peke yangu.

Mwanaidi ameamka. Kilio chake ni kile cha njaa. Mama amemnyanyua, amemleta mpaka mlangoni, na hapo amesimama. Hanipi. Anamtazama mtoto, ananitazama kifua, hajui afanye nini, na mimi vilevile sijui.

Mtoto anazidi kulia. Naweka simu chini, nimpokee.